Mawe Yaliyozama Bagamoyo: Kinga ya Mawe Inavyofanya Kazi na Inavyoshindwa

Mzee mmoja wa Bagamoyo, ambaye kiwanja chake kinapakana na ufukwe upande wa kuelekea Kaole, alinunua tripu sita za mawe akayamwaga mbele ya ukingo uliokuwa ukiliwa na maji. Ilikuwa Februari, kaskazi inakatika, bahari imelala. Nilipopita kwake Agosti, kusi ikiwa imeshapiga miezi kadhaa, nilimkuta barazani amenuna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone wizi."

Kwa hesabu yake, zaidi ya nusu ya mawe ilikuwa imebebwa usiku na vijana wanaowauzia mafundi wa msingi. Tukangoja maji yapwe, tukashuka na sepeto. Nusu mita chini ya mchanga, sepeto likagonga jiwe. Tukasogea hatua mbili, tukachimba, likagonga tena. Hakuna aliyeiba kitu. Mawe yalikuwa palepale alipoyamwaga, ila yalikuwa yamekwenda chini.

Tukiona lundo la mawe ufukweni, wengi tunadhani kazi yake ni moja tu: kuwa zito. Wimbi linakuja, jiwe linalikatalia. Kuna ukweli hapo, na uzito nitaufikia. Lakini mawe ya mzee yaliyopotea hayakusukumwa na wimbi kwenda popote. Yalitolewa mchanga miguuni.

Inakuwa hivi. Wimbi likipanda juu ya mawe, maji yanapenya katikati ya nafasi zake hadi kwenye mchanga ulio nyuma na chini. Wimbi likirudi, maji yale yaliyopenya nayo yanataka kutoka, na yanatoka kwa haraka, yakisukuma kutoka ndani kwenda nje. Punje ya mchanga ni nyepesi, na mbele yake kuna mwanya wa kutosha kupitisha ngumi. Inatoka. Kila wimbi linachukua kidogo, na mawimbi hayana Jumapili. Mchanga ukishatoka, jiwe linakaa kwenye shimo lililoachwa, mchanga mwingine unatoka, jiwe linashuka tena. Baada ya msimu mmoja wa kusi unabaki ukijiuliza nani kakuibia.

Kwa hiyo kinga ya mawe iliyojengwa sawasawa haianzi na mawe makubwa. Inaanza na chujio. Kwanza ukingo unachongwa uwe mteremko, mara nyingi mita mbili za kwenda mbele kwa kila mita moja ya kwenda juu, au mkali kidogo kuliko hapo. Juu ya mchanga kunatandikwa kitambaa kizito cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Si turubai. Turubai halipitishi maji, hivyo maji ya nyuma yanakusanyika, yanaliinua na mawe juu yake yanateleza. Na viroba vya simenti vilivyochanwa, ambavyo nimeviona vikitumika, jua linavila mapema kuliko mwenye kiwanja anavyodhani.

Ukikosa kitambaa, chujio laweza kuwa kokoto na changarawe kwa tabaka. Hapo kuna kanuni ya Karl Terzaghi, baba wa elimu ya udongo wa ujenzi: punje ndogo za tabaka la juu zisizidi takribani mara tano ya punje kubwa za tabaka la chini. Wazo lake ni rahisi. Ukirundika machungwa, nafasi kati ya chungwa na chungwa haipitishi ndimu. Ukirundika matikiti, ndimu zote zinapita. Ufukweni mchanga ni ndimu zetu, na mzee aliweka matikiti moja kwa moja.

Juu ya chujio linakuja tabaka la mawe ya wastani, kila moja likiwa na uzito wa takribani sehemu moja ya kumi hadi ya kumi na tano ya mawe ya juu. Kazi yake ni kulinda kitambaa kisichanwe na kuyapa mawe makubwa mahali pa kung'ata. Ndipo yanakuja yale makubwa, kwa kawaida unene wa mawe mawili, yakipangwa moja moja kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, ili kila jiwe libanwe na wenzake. Kumwaga kwa tipa halafu kuondoka si kupanga. Jiwe lililopangwa vizuri linagusa majirani zake kwa sehemu tatu au zaidi. Lililomwagwa laweza kuwa limeegemea moja tu, linacheza, na jiwe linalocheza litasagika au litatoka.

Umbo nalo lina neno. Mawe yanayotakiwa ni yenye kona, si ya mviringo kama ya mtoni, na yasiwe marefu membamba kama ubao. Urefu ukizidi mara tatu ya unene, jiwe hilo lirudi kwenye lori.

Sasa tuje kwenye uzito. Hesabu inayotumika sana duniani kwa kazi hii ina jina la Robert Hudson, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyefanya majaribio ya mawimbi kwenye matangi huko Vicksburg, Mississippi, na kuichapisha mwaka 1959. Alijenga juu ya kazi ya Mhispania Ramón Iribarren ya mwaka 1938. Baadaye, mwaka 1988, Mholanzi Jentsje van der Meer alitoa hesabu pana zaidi inayoingiza muda wa dhoruba na mambo mengine. Lakini ya Hudson ndiyo inayoingia kichwani haraka, na ndani yake kuna jambo moja ambalo kila mwenye kiwanja cha pwani angelijua kabla ya kuita tipa: uzito wa jiwe unaotakiwa haupandi sambamba na kimo cha wimbi. Unapanda kwa kimo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Wimbi likiwa refu mara mbili, jiwe liwe zito mara nane.

Tuchukue mfano. Mbele ya ukingo kuna kina cha mita 2 za maji wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Wimbi haliwezi kuwa refu bila kikomo mahali pa kina kidogo. Likifika takribani robo tatu ya kina cha maji linavunjika lenyewe. Kwa hiyo wimbi kubwa kuliko yote litakalofika pale ni la mita 1.5 hivi, hata kama huko nje kuna makubwa zaidi. Tuweke mteremko wa moja kwa mbili na jiwe gumu lenye kilo 2,650 kwa mita ya ujazo. Hesabu inatoa jiwe la kilo 560 hivi, yaani kipande chenye sentimita 60 kila upande. Watu wawili hawalisogezi.

Jiwe gumu namna hiyo Bagamoyo mjini halipo. Jiwe letu ni la matumbawe, ndilo lililojenga nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, misikiti ya kale na magofu ya Kaole. Kwa ukuta uliokandikwa chokaa ni jiwe jema. Kwa wimbi ni habari nyingine, kwa sababu lina matundu. Mzee hakuamini kuwa tofauti ni kubwa, kwa hiyo tulipima. Tulichukua mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia samaki, ndoo kubwa ya maji, kamba, kipande cha jiwe la matumbawe, na kipande cha jiwe la bara kilichobaki kwenye ujenzi wa jirani.

Jiwe la bara lilikuwa kilo 12 hewani. Tukalizamisha likiwa limening'inia, lisiguse chini, mizani ikasoma kilo 7 na nusu kasoro kidogo. Limepoteza kilo 4 na nusu na ushei, na huo ndio uzito wa maji yaliyoachia nafasi. Kumi na mbili gawanya kwa hiyo, unapata karibu 2.6. Ni zito mara 2.6 kuliko maji. Jiwe la matumbawe tulilichonga hadi likawa kilo 12 vilevile. Majini likasoma kilo 6. Nusu nzima imepotea.

"Kumbe bahari inalibeba nusu," mzee akasema. Sikuwa na maelezo bora kuliko hayo.

Ukirudi kwenye hesabu ya Hudson na jiwe la kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, kwa wimbi lilelile la mita 1.5, jiwe linalotakiwa si kilo 560 tena. Ni karibu kilo 1,960. Tani mbili, kipande cha mita moja kila upande. Kupungua kwa uzito wa asili kwa robo tu kumezidisha mahitaji zaidi ya mara tatu, kwa sababu kinachopigana na wimbi si uzito wa jiwe lote bali ule unaobaki likiwa ndani ya maji. Mawe ya mzee yalikuwa ya kubebwa na kibarua mmoja, tuseme kilo 30. Jiwe la matumbawe la kilo 30 linaanza kuyumba kwa wimbi lisilofika sentimita 40. Yale machache ambayo hayakuzama yalikuwa yametawanyika mbele kama kunazi zilizomwagika.

Mawe magumu yapo bara. Lugoba, upande wa Chalinze, kuna machimbo yanayolisha ujenzi wa Pwani na Dar es Salaam, na barabara ya Bagamoyo hadi Msata yenye kilomita 64 imerahisisha njia. Lakini jiwe ni mzigo unaolipiwa kwa kilomita. Kwa ukingo wa kimo cha mita 3, mteremko wa moja kwa mbili, tabaka la juu peke yake linakula zaidi ya tani 12 za mawe kwa kila mita moja ya ufukwe. Kiwanja chenye mbele ya mita 30 kinataka tani 380 na ushei, na hapo hatujagusa mawe ya katikati wala mguu. Tripu sita za mzee, hata zikiwa za lori kubwa, hazikufika nusu ya hiyo.

Mguu ni kile kitako cha chini kabisa, ambapo mteremko wa mawe unakutana na ufukwe. Wimbi likigonga kinga, nguvu yake nyingine inageukia chini na kuchimba. Kanuni ya kukadiria haraka wanayotumia wahandisi ni kwamba shimo linalochimbika mbele ya kinga laweza kufika kina sawa na kimo cha wimbi lenyewe. Wimbi la mita 1.5, shimo la mita 1.5. Kwa hiyo ama mguu unazikwa chini hadi huko, ama unawekwa mawe ya ziada mbele, yalale kama mkeka, ili shimo likichimbika yaporomoke humo na kuliziba. Njia ya pili naipenda zaidi. Inakubali mapema kwamba bahari itachimba, na inaiwekea cha kula.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nisijenge ukuta wa zege nimalize? Ukuta unachukua nafasi ndogo, hilo ni kweli, kwani mteremko wa mawe wa kimo cha mita 3 unalala mita 6 juu ya ufukwe. Lakini ukuta wima unalirudisha wimbi karibu lote, na likirudi linakutana na linalokuja, ufukwe wa mbele unakorogwa na kushuka. Mteremko wa mawe unalimeza. Karibu asilimia 40 ya lile lundo ni nafasi tupu, maji yanaingia humo, yanagongana na kona elfu moja, yanachoka. Hata urefu ambao wimbi linapanda baada ya kupiga unapungua hadi karibu nusu ya ule wa kwenye mteremko laini wa zege. Tofauti nyingine ni namna ya kufa. Lundo la mawe linaharibika taratibu: jiwe moja limetoka, la pili limekaa vibaya, una miezi ya kulirekebisha. Ukuta unasimama mzima, nyuma yake mchanga unavuja bila wewe kuona, halafu usiku mmoja wa bamvua unalala kifudifudi.

Sisemi mawe hayashindwi kwa kishindo. Bandari ya Sines nchini Ureno ililindwa kwa vipande vya zege vya tani 42 kila kimoja, aina inayoitwa dolos iliyobuniwa East London, Afrika Kusini, na dhoruba ya Februari 1978 ikavivunja. Ila hivyo vilikuwa vyembamba na virefu, vikapasuka. Jiwe nene la mlimani halina kiuno cha kukatika.

Mambo ya miteremko ya nchi kavu nayapitia haraka, kwa sababu adui ni yuleyule. Niliwahi kushika fimbo ya vipimo kwenye mradi wa barabara, na kalavati moja lilitolewa maji upande wa pili bila kuwekewa mkeka wa mawe. Masika ya kwanza yakachimba shimo la kumzamisha mtu, ya pili yakaanza kula tuta la barabara. Lilikuja kutengenezwa kwa mawe ya aina ileile ambayo ingetosha mwanzoni, ila sasa mara tatu zaidi. Kwenye tuta na kingo za mito, masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, gabioni, yanafaa sana, maana waya unayafanya mawe madogo yawe kitu kimoja kizito. Mtu asikuuzie hayo kwa ufukwe wa bahari. Waya wa kawaida kwenye maji ya chumvi hauna maisha, na mawe yanayosuguana na mchanga yanaumaliza kabla ya kutu.

Jambo gumu kuliko yote halina jiwe ndani yake. Ufukwe ni mchanga unaosafiri. Kusi inapiga kutoka kusini mashariki, inausogeza mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi inaurudisha kiasi. Mto Ruvu unaleta mchanga mpya kutoka bara na kuumwaga kaskazini mwa mji. Ukingo unaobomoka mbele ya nyumba yako nao ni sehemu ya hesabu hiyo: mchanga unaotoka kwako leo ni ufukwe wa jirani kesho. Ukiuvika mawe, umeufungia. Nyumba yako imepona, jirani wa upande mchanga unakoelekea amepunguziwa, na pale kinga yako inapoishia mawimbi yanakata kona na kumla kwa kasi kuliko mwanzo.

Na ufukwe wa mbele ya kinga ukiendelea kushuka, ile hesabu yetu ya uzito inageuka. Kina cha mita 2 kikawa mita 2.5, wimbi linaloweza kufika linakua kwa robo, na jiwe linalotakiwa linakaribia kuwa zito mara mbili. Bahari yenyewe duniani ilipanda sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Lakini ufukwe kushuka nusu mita ni jambo la misimu michache, hasa palipo na watu wanaochota mchanga wa kujengea usiku.

Pwani yetu imeshatuonyesha mambo yote mawili, ufukwe kujaa na ufukwe kuliwa, bila mhandisi yeyote. Kaole ilikuwa bandari. Msikiti wake wa kale ni wa karne ya 13. Leo kati ya magofu na bahari kuna mikoko, tope na mchanga vilivyojaa, na vyombo vilihamia Bagamoyo. Huko Pangani kinyume chake: kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti miaka ya 1960, mivinje na vichaka, kasa wakipanda kutaga. Kufikia miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwenda, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji ya bamvua yakijaa. Hakuna idadi ya tripu za mawe ambayo ingekizuia kisiwa kizima kisisafiri.

Ndiyo maana wanaoambiwa "pandeni mikoko" na wanaoambiwa "wekeni mawe" wote wanastahili kuuliza swali la pili. Mikoko inataka tope na maji yaliyotulia, kama mdomoni mwa Ruvu. Ukiichomeka kwenye mchanga unaopigwa na wimbi moja kwa moja, itang'oka wiki hiyohiyo. Mawe nayo yanafaa pale ambapo kuna kitu kisichohamishika: barabara, gati, jengo la kale, mabomba ya maji. Kwa banda la kuku, hamisha banda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari ilipo, na ukiitazama baada ya haya yote, mita 60 hazionekani nyingi. Kazi ya kuvika ufukwe mawe nayo si ya mtu na tipa yake. Taasisi ya serikali inayosimamia mazingira inatakiwa kuiona kabla, na sababu ni jirani.

Nyumba ya mzee ni ya zamani kuliko sheria hiyo, na haendi popote. Baba yake amezikwa nyuma ya jiko. Mwezi uliofuata akaniita tena. Alikuwa amewakusanya wenye viwanja watatu wanaopakana naye, ili wachange wajenge kinga moja ndefu badala ya vipande vinne, wapate na mtu wa kuwachorea. Nilifurahi. Tukatandika mkeka barazani, tukapiga hesabu ya mawe ya Lugoba, kitambaa, kijiko cha kukodi, mguu wa mita moja na nusu. Kahawa ilipoisha nikauliza kiwanja kinachofuata upande wa kaskazini ni cha nani, pale kinga itakapoishia.

Wakatazamana. Mwenyewe hakuwa amealikwa.